Picha Iliyovurugika na Picha Iliyoharibika: Uhakiki wa Istilahi za Hitilafu za Video katika Kompyuta

1. Utangulizi

Mfasiri wa maelekezo ya mashine ana dhamana ya namna yake. Msomaji wa riwaya akikutana na neno lisilofaa, hupungukiwa na ladha ya kazi aisomayo. Msomaji wa maelekezo akikutana na neno lisilofaa, hutenda jambo lisilofaa. Hununua kifaa asichokihitaji, hufungua mashine isiyo na ugonjwa, au hutupa kitu ambacho bado ni kizima. Kwa sababu hiyo istilahi za ufundi hazitoshi kupimwa kwa uzuri wa sauti yake, wala kwa wingi wa maneno tuliyokwisha kuyaingiza katika orodha zetu. Yafaa zipimwe kwa kitendo anachokifanya msomaji baada ya kusoma.

Makala haya yanakusudia kuhakiki kundi dogo la istilahi kwa kipimo hicho: maneno yatumikayo kueleza picha mbovu inayoonekana mtu anapotazama DVD katika kompyuta. Huenda msomaji akauliza kuna haja gani ya kushughulikia diski hizo leo, maadam kompyuta nyingi mpya hazina hata mahali pa kuziingizia. Jibu ni kwamba diski zenyewe bado zipo. DVD zilianza kuuzwa nchini Japani mwezi Novemba 1996, na katika miaka iliyofuata zilienea hata zikachukua nafasi ya mikanda ya video. Mikutano, mafunzo ya walimu, ngoma, harusi na masimulizi ya wazee vilirekodiwa humo. Aghalabu diski iliyomo kabatini ndiyo nakala pekee. Mtumishi anayeitoa leo ili aihamishie mahali pa usalama, akaona picha mbovu, kisha akaambiwa na maelekezo kwamba "diski imeharibika", ataitupa. Ikiwa kosa lilikuwa katika programu ya kompyuta wala si katika diski, basi neno moja la mfasiri limepoteza kumbukumbu isiyorudi.

2. Vitenzi vitatu na maana zake

Katika maandishi ya Kiswahili kuhusu hitilafu za picha, vitenzi vitatu hutumika kana kwamba maana yake ni moja: kuharibika, kuvurugika na kupotoka. Kila kimoja kimekuwa tafsiri ya neno lile lile la Kiingereza, na mara nyingine vyote vitatu hukutwa katika ukurasa mmoja. Lugha yenyewe, hata hivyo, haivichanganyi.

Kuharibika huweka ila ndani ya kitu chenyewe. Nyama iliyoharibika haina dawa. Ni kweli kwamba gari lililoharibika hupelekwa gereji na kutengenezwa. Lakini hata hapo tunaelewa kwamba ubovu umo katika gari, wala haumo barabarani au kwa dereva. Mtu akisema "picha ya diski imeharibika", msikilizaji anaelewa kwamba ubovu umo katika diski.

Kuvurugika ni habari nyingine. Maji ya kisima yakivurugika, maji yamo kisimani. Kilichopotea ni utulivu wake. Mkutano ukivurugika, wajumbe bado wapo. Kilichokosekana ni utaratibu. Kitenzi hiki chasema kwamba vitu vipo ila mpangilio wake umechafuka, na chaacha wazi swali la nani au nini kimeuchafua. Zaidi ya hayo kina matumaini ndani yake, kwa kuwa kilichovurugika chaweza kutulia.

Kupotoka huhusu umbo au mwelekeo. Ubao wa mlango uliopotoka ni ubao mzima, ila haukai sawa katika fremu yake. Hakuna sehemu iliyopungua.

Tofauti hizi ni mali tuliyo nayo tayari, wala hatuna haja ya kuazima. Hitilafu nyingi za picha za DVD katika kompyuta ni za mvurugiko: data imesomwa, au ingeweza kusomwa, lakini imefika kwenye skrini bila utaratibu. Chache ni za mpotoko: picha ni kamili, ila umbo lake limebanwa au limetanuliwa. Na baadhi kweli ni za uharibifu, pale diski yenyewe ilipokwaruzwa, ilipopasuka, au, kwa diski za kurekodia nyumbani na ofisini, pale rangi maalumu inayohifadhi data ilipofifia. Ningependa basi istilahi ya jumla iwe mvurugiko wa picha, na neno uharibifu libakizwe kwa hali ya diski au kifaa baada ya kuthibitishwa. Mfasiri asimtangazie msomaji uharibifu kabla haujachunguzwa.

3. Dalili na majina yake

Istilahi ya jumla haitoshi. Fundi mzuri, kama tabibu, huuliza kwanza ni dalili gani iliyoonekana. Nitazitaja dalili sita, na katika kila moja nitahakiki neno lililopo au nitapendekeza jingine.

(a) Vigae. Dalili inayojulikana zaidi ni picha kugawanyika katika miraba midogo midogo, mingine ikiwa na rangi isiyo yake. Watu wengi huiita chenga. Neno chenga ni zuri na limetoka kwa wananchi wenyewe: chenga za mchele ni vipande vilivyovunjika, na watazamaji wa televisheni walilihamishia kwenye vitone vyeupe na vyeusi vilivyojaa kiooni antena ilipokosa mawimbi ya kutosha. Tatizo ni kwamba vitone vile na miraba hii havina asili moja. Chenga za televisheni ya zamani zilikuwa kelele ya mawimbi. Miraba ya DVD hutokana na namna picha ilivyofungashwa: mfumo wa MPEG-2 unaotumika katika DVD hukata picha katika miraba ya nukta 16 kwa 16, na ndani yake miraba ya nukta 8 kwa 8, kisha hubana kila mraba peke yake. Data ya mraba ikipotea, mraba huo huonekana wazi kama kigae kilichobanduka ukutani.

Jambo jingine ni kwamba picha nyingi katika DVD si kamili. Zinaeleza tu mabadiliko kutoka picha iliyotangulia au inayofuata. Picha kamili huja mara moja katika kila kundi la picha, na katika mfumo wa PAL, unaoonyesha picha 25 kwa sekunde, kundi halizidi picha 15. Ndiyo maana ila moja ndogo yaweza kubaki kiooni kwa zaidi ya nusu sekunde, ikiburutwa na kila kinachotembea, kisha ikatoweka ghafla. Chenga za antena hazikuwa na tabia hiyo. Kwa hiyo napendekeza vigae kwa miraba, na chenga libaki na maana yake ya kwanza.

(b) Meno ya chanuo. Hapa kingo za vitu vinavyotembea huonekana zimechanika katika mistari myembamba ya kulala, kama meno ya chanuo. Mtu akisimama, kingo hurudi kuwa safi. Chanzo chake ni desturi ya televisheni za zamani ya kugawa picha moja katika nusu mbili, mistari ya shufwa na mistari ya witiri, zikipigwa kwa kupishana kila sehemu ya 50 ya sekunde. Televisheni ya zamani ilizionyesha moja baada ya nyingine. Skrini ya kompyuta huzionyesha zote kwa pamoja, na kwa kuwa kitu kilichotembea kimekwisha kusogea kati ya nusu ya kwanza na ya pili, mistari haikutani. Diski haina kosa lolote, wala kompyuta haina ugonjwa. Kinachotakiwa ni kuwasha katika programu ile amri ya kuunganisha nusu hizo. Kuiita hali hii "picha iliyochanika" au "picha iliyoharibika" ni kumtisha msomaji bila sababu. Meno ya chanuo yamweleza akionacho, na istilahi ya amri yaweza kuwa kuondoa mpishano wa mistari.

(c) Mpotoko wa umbo. Watu katika filamu huonekana wembamba na warefu kupita kiasi, au wanene na wafupi. Katika mfumo wa PAL, DVD huhifadhi picha kwa nukta 720 kwa 576, iwe picha ni ya uwiano wa 4 kwa 3 au ya 16 kwa 9. Programu inatakiwa kuitanua picha kufuatana na alama iliyoandikwa katika diski. Ikiipuuza alama hiyo, picha pana hubanwa na watu hukonda. Na picha ya 4 kwa 3 ikilazimishwa ijaze skrini pana, watu hunenepa. Hapa, na hapa peke yake, neno mpotoko lafaa. Istilahi ya uwiano huo iwe uwiano wa pande.

(d) Kuhama kwa rangi. Nyuso huwa za kijani au za waridi. DVD haihifadhi rangi kwa nyekundu, kijani na bluu kama skrini inavyozihitaji. Huhifadhi kipimo kimoja cha mwanga na vipimo viwili vya tofauti ya rangi. Kompyuta hukokotoa upya, kazi ambayo mara nyingi hukabidhiwa kadi ya picha. Hesabu ikikosewa, rangi huhama. Vipimo vyote vikiwa sifuri, matokeo ya hesabu hiyo huwa rangi ya kijani, ndiyo maana skrini hujaa kijani pale data inapokosekana. Baadhi ya maandishi hutumia "rangi mbaya", maneno ambayo hayamwambii fundi lolote.

(e) Kuganda na kusitasita. Haya ni mawili na yafaa yatenganishwe. Picha iliyoganda imesimama kabisa. Picha inayositasita huenda, husimama kidogo, kisha huenda tena, kama mtu asiye na hakika ya njia. Kuganda mahali pamoja kila mara huelekeza kwenye diski. Kusitasita mfululizo, katika diski zote, huelekeza kwenye kompyuta: prosesa imeelemewa, au data inasafiri polepole kutoka kwenye diski. Maneno haya yote mawili yamo vinywani mwa watu, na ni ajabu kwamba wafasiri huyaacha wakaandika "uchezaji usio laini", maneno yaliyovuliwa moja kwa moja kutoka lugha nyingine.

(f) Mteguko. Picha huonekana imekatwa kwa mstari wa kulala, nusu ya juu ikiwa imesogea pembeni mwa nusu ya chini. Hutokea skrini inapopokea picha mpya kabla haijamaliza kuchora ile ya kwanza. Tafsiri ya moja kwa moja ni "kupasuka kwa picha" au "kupasuka kwa skrini", na sina shaka kwamba hii ndiyo tafsiri ya hatari kuliko zote katika kundi hili. Mtumiaji wa kompyuta au simu akisoma kwamba skrini imepasuka, ataelewa kwamba kioo kimevunjika, nalo ni jambo la gharama. Kiungo cha mwili kilichoachana na mahali pake bila kuvunjika tunasema kimeteguka. Picha hii pia imeteguka. Katika programu nyingi marekebisho yake ni chaguo moja tu, la kuifanya kadi ya picha ingoje skrini imalize kuchora.

4. Kiendeshi, kiendeshaji na king'amuzi

Baada ya dalili hufuata majina ya vitu vinavyochunguzwa, na hapa kosa kubwa liko katika kitenzi kuendesha. Kiingereza kina maneno mawili yanayokaribiana sana kwa sauti: moja ni la mashine inayozungusha na kusoma diski, na jingine ni la programu ndogo inayouwezesha mfumo wa kompyuta kuzungumza na kifaa fulani. Wafasiri wetu walifuata ukaribu huo wa sauti, wakapata kiendeshi na kiendeshaji. Baadhi huandika kiendeshi kwa yote mawili.

Chukulia msomaji anayeambiwa: "Rangi zikihama, badilisha kiendeshi." Mwandishi alikusudia programu ya kadi ya picha ipatiwe toleo jipya, jambo ambalo mara nyingi halina malipo. Msomaji anaelewa kwamba mashine ya kusomea diski ifunguliwe na nyingine inunuliwe. Atakapokwisha kuinunua, rangi zitakuwa pale pale zilipokuwa.

Lugha yetu ina utaratibu mzuri wa kuunda majina ya vifaa kwa kuunganisha kitenzi na kitendwa: kinasa sauti, kipaza sauti. Kwa utaratibu huo mashine ya kusomea diski yafaa iitwe kisoma diski. Jina hilo laeleza kazi yake, na halishirikiani na jingine lolote. Kiendeshi laweza kubakizwa kwa programu, na ili kuondoa mashaka liandikwe kwa ukamilifu: programu kiendeshi.

Istilahi ya pili inayohitaji tahadhari ni king'amuzi. Hili ni miongoni mwa maneno yaliyofaulu kuliko mengi. Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, ikianzia Dar es Salaam, neno hilo liliingia kila nyumba yenye televisheni, na leo hata mtoto anajua king'amuzi ni nini. Lakini kufaulu huko kumelifunga neno katika kitu kimoja, yaani kisanduku kinachokaa kando ya televisheni. Kompyuta nayo inahitaji programu ya kung'amua MPEG-2 kabla ya kuonyesha DVD. Matoleo ya kawaida ya Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, hayakuwa na uwezo huo wa kuonyesha DVD, ingawa Windows 7 ilikuwa nao katika matoleo yake mengi. Msomaji akiambiwa tu kwamba kompyuta yake "haina king'amuzi", hataacha kufikiri juu ya kisanduku. Istilahi programu ng'amuzi ingemwelekeza mahali panapostahili, bila kutupa shina ambalo wananchi wamekwisha kulikubali.

5. Utatuzi au usakaji?

Kichwa cha habari kinachotangulia maelekezo ya aina hii huandikwa karibu kila mara "Utatuzi wa Matatizo". Kichwa hiki chaahidi kuliko kinachotolewa. Sehemu kubwa ya kazi inayoelezwa chini yake ni kutafuta chanzo; utatuzi huja mwishoni, na mara nyingine hauji. Mfasiri anapoanza na utatuzi, msomaji huruka maswali na kukimbilia dawa. Usakaji hitilafu ni istilahi ya kweli zaidi, kwa sababu msakaji hufuata nyayo.

Nyayo zenyewe hufuatwa kwa majaribio matatu, na kila jaribio hubadilisha kitu kimoja tu. Kwanza, diski ile ile iwekwe katika deki na televisheni, au katika kompyuta nyingine. Pili, diski nyingine iwekwe katika kompyuta ile ile. Tatu, diski ile ile na kompyuta ile ile zitumiwe kwa programu nyingine. Programu ya VLC, iliyotokana na kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris nchini Ufaransa iliyoanza mwaka 1996, hutumika mara nyingi kwa jaribio hili la tatu, kwa kuwa hutolewa bure na imebeba programu ng'amuzi yake yenyewe. Vigae vikitokea dakika ile ile katika kila mashine, diski ndiyo yenye ila. Vikihama kutoka dakika moja hadi nyingine, chanzo kisakwe katika kompyuta.

Hata diski ikithibitika kuwa na ila, haifai kutupwa papo hapo. Diski ya DVD ina unene wa milimita 1.2, nayo ni bamba mbili zilizogandishwa. Tabaka la data liko katikati, milimita 0.6 kutoka upande unaosomwa. Mkwaruzo mwepesi haujaigusa data. Umezuia tu mwanga wa leza. Kufuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa mstari ulionyoka, hurudisha diski nyingi. Kisoma diski kingine, chenye leza yenye nguvu zaidi, chaweza kusoma kile ambacho cha kwanza kilishindwa.

Mfano mmoja waonyesha jinsi lawama inavyoweza kumwendea asiyehusika. Katika Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, makosa ya mawasiliano kati ya kompyuta na kisoma diski yalipofika sita, mfumo ulishusha kasi ya usafirishaji wa data hatua kwa hatua, hadi ikafika njia ya polepole iliyoielemea prosesa. Diski moja iliyokwaruzwa iliweza hivyo kuacha athari yake nyuma. Ilipotolewa, diski safi zilizofuata nazo zilisitasita. Mwenye kompyuta alisema diski zote zimeharibika. Neno kusitasita, likiandikwa kando ya maelezo "katika diski zote", lingemwonyesha njia.

Ipo pia hali ambayo si uharibifu wala mvurugiko wa bahati mbaya. Filamu nyingi za biashara zimefungwa kwa ufunguo wa siri na kupewa namba ya kanda. Mashariki ya Kati ni kanda ya 2, na Tanzania pamoja na sehemu kubwa ya Afrika ni kanda ya 5. Filamu iliyonunuliwa Muscat na kuletwa Zanzibar yaweza kukataliwa na kompyuta, au, programu isipoweza kuifungua, ikaonyesha vigae vitupu tangu mwanzo. Kisoma diski huruhusu kanda kubadilishwa mara 5, na badiliko la mwisho hudumu. Mfasiri aseme waziwazi diski imefungwa kwa kanda nyingine. Diski ya harusi au ya mkutano iliyorekodiwa na watu wenyewe haina kifungo hicho.

6. Hoja zinazoweza kutolewa

Yawezekana msomaji akasema kwamba maneno haya ni mengi mno kwa mambo madogo, na kwamba "hitilafu" lingetosha. Neno hitilafu lina kazi yake, nayo ni kazi ya jumla. Wakulima wetu hawatosheki na neno "ugonjwa wa mmea". Wana majina ya madoa, ya kunyauka na ya kuoza, kwa sababu kila hali ina tiba yake. Mtumiaji wa kompyuta anastahili heshima hiyo hiyo.

Hoja ya pili ni kwamba tofauti za istilahi baina ya nchi zetu zitaongezeka. Tanzania hutumia kompyuta, na Kenya hutumia pia tarakilishi. Nadhani hofu hii imewekwa mahali pasipo pake. Kitu kimoja kikiwa na majina mawili, msomaji hujifunza jina la pili, na kazi yaendelea. Hatari kubwa iko pale jina moja linapobeba vitu viwili, kama kiendeshi, kwa kuwa hapo msomaji hajui hata kwamba amepotea. Ingefaa nguvu za usanifishaji zianze na maneno ya aina hii ya pili.

Hoja ya tatu ni ya mafundi, ambao husema wao hutumia Kiingereza na huelewana. Wao huelewana, lakini mteja hawaelewi, naye ndiye anayelipa na ndiye mwenye diski. Aidha, si kweli kwamba mafundi hawana Kiswahili. Kuganda na chenga ni maneno ya mtaani, nayo yana usahihi kuliko tafsiri nyingi zilizoandikwa mezani. Tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, imethibitika kwamba programu za kompyuta zaweza kusema Kiswahili. Lakini tukiorodhesha majina ya vitu na ya amri pasipo majina ya dalili, msomaji anaweza kuiamuru mashine bila kuweza kueleza inapougua.

7. Mapendekezo

Istilahi zifuatazo zinaletwa mbele ya wasomaji ili zijadiliwe kabla ya kupelekwa kwenye usanifishaji.

Mvurugiko wa picha: jina la jumla la picha inayoonekana bila utaratibu wake, kabla chanzo hakijajulikana.

Uharibifu: ila ya mwili wa diski au kifaa, iliyothibitishwa kwa majaribio.

Mpotoko wa umbo: picha kubanwa au kutanuliwa kinyume cha uwiano wake wa pande.

Vigae: miraba inayoonekana data ya picha iliyobanwa inapokosekana au inaposhindwa kung'amuliwa.

Meno ya chanuo: kingo zilizochanika kwa sababu ya mpishano wa mistari.

Kuhama kwa rangi: rangi kugeuka katika picha nzima au sehemu yake.

Kuganda: picha kusimama kabisa. Kusitasita: picha kwenda na kusimama kwa vipindi vifupi.

Mteguko: nusu ya juu na ya chini ya picha kuachana kwa mstari wa kulala.

Kisoma diski: mashine ya kuzungusha na kusoma diski.

Programu kiendeshi: programu inayouwezesha mfumo wa kompyuta kutumia kifaa.

Programu ng'amuzi: programu inayofungua picha au sauti iliyobanwa.

Usakaji hitilafu: utaratibu wa kutafuta chanzo kwa kubadilisha kitu kimoja baada ya kingine.

Walimu wanaofundisha masomo ya kompyuta wangetusaidia sana kwa kuyajaribu maneno haya darasani na kutueleza yapi yaliyoeleweka bila kufafanuliwa na yapi yaliyohitaji maelezo. Wafasiri walio na maneno bora, hasa kutoka katika lahaja za pwani na visiwani, wanaombwa wayalete. Wakati huo, watumishi wenye diski za zamani makabatini wanashauriwa waziweke kando bila kuzitupa, hata kama picha zake zilionekana mbovu, mpaka zitakapofanyiwa majaribio yale matatu.